Nimepimwa Nikiwa Hai

Sosiot, huku Kericho
Jumapili, tukitoka kanisani

Kwako Baba Nekesa, mzee wangu,

Kabla sijafika kwako wacha nipite kwa wengine, kwa sababu nikianza na wewe nitawasahau. Kukhu, mama yako, ameamkaje? Miguu imepunguza kuvimba? Mwambie yule kuku mweusi niliyemwachia ni wake, amchinje siku atakayo, mimi sitauliza. Kijana wetu Wanyama naye, ameshaweka mlango wa choo ama bado mnaning'iniza gunia? Bibi yake Nafula nampa salamu za peke yake, na mwambie nimeota amebeba mtoto, na kama si kweli anisamehe, ndoto si mali yangu. Wajukuu wote wawili wafutwe pua halafu wabusiwe. Ndugu yako Ouma namsalimia ingawa jembe langu bado liko kwake. Akina mama wa jumuiya nawasalimia, na mwambieni yule anayeanzisha nyimbo kwamba huku nimekosa sauti yake hata ile ya kukwaruza. Ng'ombe pia mpapaseni shingo, mseme ni mimi.

Sasa wewe. Goti linasemaje wakati wa baridi ya asubuhi? Unakula? Unavaa ile sweta ama umeikunja tu kwa sanduku ukingojea sikukuu? Mimi nauliza lakini najua hutanijibu mpaka mtu akushike mkono akukalishe na kalamu.

Ningepiga simu. Lakini wewe na simu mnajuana. Ule mtambo wa posho uliokaa nao miaka yote umekula masikio yako, na mimi nikipiga kelele kwa simu wapangaji wote wa ploti hii wanasikia, na huko Wanyama anakupigia kelele mara ya pili, hivyo neno la mke na mume linakuwa la soko. Tena haya ninayotaka kukwambia si ya kupigiwa kelele. Basi nimeshika kalamu, mkono ni mzito, usihesabu makosa. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichooana nacho. Kijaluo changu hukuwahi kukijua vizuri na Kinyala chako mimi naongea tu, kukiandika siwezi.

Baba Nekesa, huku ni pazuri na mimi niko peke yangu. Nikuambie hivyo kwanza. Ukisimama mlangoni unaona majani chai, kijani, kijani, mpaka macho yanatafuta mahali pa kupumzika hayapati. Mchana mvua inakuja, siku zingine na mawe yake, inapiga mabati mpaka nasahau nilikuwa nawaza nini. Upepo hauna harufu. Kwetu hata ukifunga macho unajua ziwa liko wapi. Hapa nikifunga macho sijui niko wapi. Kanisani wanaimba Kikipsigis, nami nafungua mdomo na kuufunga wakati wao wanafunga, nisionekane.

Mwenye ploti ni mama mmoja, mtoto wake wa kwanza anaitwa Chebet, kwa hivyo watu wanamwita Bot Chebet, na mimi pia. Kila asubuhi ananiambia "Chamge," nami nilijifunza kumjibu "Chamge mising," halafu tunasimama tu tunatazamana, maneno yamekwisha. Kiswahili chake kinatembea kwa mkongojo na changu pia, lakini ananiletea maziwa na mimi nampa kitita cha sukuma nikipata. Huyo ndiye mtu wangu huku.

Utauliza, na Nekesa je? Nekesa alipona. Ile nimonia iliyonileta huku imekwisha kabisa, anatembea, anakula, mashavu yamerudi. Lakini akitoka asubuhi nabaki mimi na sufuria. Baada ya kupona, akirudi jioni alikuwa anaweka kompyuta mezani, anakula huku anaitazama, nikimwambia habari ya siku anasema "mmh mama," na ile mmh si yangu, ni ya kompyuta. Wiki zile nilikuwa nalala nikijiambia, huyu mtoto amechoka na mimi, anaona aibu kunirudisha.

Wacha nikueleze kazi yake, kwa sababu hata wewe ukiulizwa sokoni huwa unasema tu "injinia" halafu unakohoa. Kuna karakana huku barabarani, kubwa, ya mtu na wanawe. Hawatengenezi vitu vya kuuza dukani. Mtu anakuja na shida yake, mashine ya majani chai imezeeka na spea hazipo tena, ama anataka kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa popote. Nekesa anaenda mpaka kwake, anapima, anauliza, anarudi, anachora kwa kompyuta kila msumari mahali pake. Mafundi wanakata chuma na kuchomelea kwa kufuata huo mchoro wake. Kitu kinatoka kimoja tu, cha yule mtu. Nikamwambia, basi wewe ni kama fundi wa nguo. Akacheka, siku hiyo alikuwa bado anacheka. Akasema, "Ndiyo mama. Mimi ni tela wa vyuma."

Niliipenda hiyo. Nilimwambia Bot Chebet na ishara za mikono mpaka akaelewa.

Sasa sikiliza. Unakumbuka nilipofika huku kifua kilinibana, Nekesa akanipeleka hospitali? Walinifunga mkono kwa presha, wakanitoa damu, wakanipiga picha ya kifua. Halafu daktari akamwita Nekesa ndani, mimi nikabaki kwa benchi. Alipotoka aliniambia niko sawa, nipunguze chumvi. Karatasi akaziweka kwa mkoba wake. Sikuuliza. Lakini nilijiuliza, kama ni chumvi tu, kwa nini aliambiwa yeye na mlango umefungwa?

Hilo lilikaa ndani yangu kama mwiba wa samaki, haliumi sana, linangoja.

Basi jioni moja naosha vyombo, jua halijazama, naona Nekesa amesimama nyuma yangu na ile futi ya chuma inayojikunja yenyewe. Akaniambia, "Mama usigeuke, endelea tu kuosha." Akapima kutoka sakafuni mpaka kwa kiwiko changu. Nikadhani ni mchezo. Halafu akaniambia nisimame na mgongo kwa ukuta, viatu nivae. Akapima kisigino mpaka utosini. Akapima bega mpaka bega. Akapima mkono nikiwa nimeunyoosha. Kila akipima anaandika kwa simu, hasemi kitu, uso umekunjamana kama wako ukitafuta miwani.

Baba Nekesa, wewe unajua kwetu. Mtu anapimwa kwa urefu mara moja, na huwa hasikii. Siku ya baba yako si ni Ouma aliyekuja na fito, akaiweka kando ya mzee, akaikata, akaenda nayo kwa wachimba kaburi? Si hata watoto wakipimana na kamba wakiwa wamelala kwa nyasi tunawafukuza? Tela wa nguo hupima kifua na kiuno, hana haja na utosi wangu.

Nikauliza, "Unanipimia nini?"

Akasema bila kuniangalia, "Nataka kitu kikutoshe vizuri, mama. Usijali."

Usijali! Mtu anakuambia usijali na futi bado iko mkononi.

Nilimaliza vyombo. Lakini siku iliyofuata, kabla ya chakula cha jioni, alienda kuoga akaacha kompyuta imefunguliwa. Nilipita hapo kuchukua kikombe, kweli kikombe tu. Nikaona sanduku refu, jembamba, lina kingo pande zote. Kando yake mtu. Hana uso, hana nguo, rangi ya jivu, mfupi, mabega kama yangu. Na huyo mtu alikuwa amelala. Amelala chali, mikono imenyooka, sawasawa na lile sanduku.

Kikombe sikukichukua.

Tangu hapo, mzee wangu, niliona kila kitu kimepata maana. Ukimya wake, karatasi za hospitali, kule kuniongezea nyama kwa sahani. Nikasema, mtoto ameambiwa, na kwa sababu ni mtu wa vyuma anataka mama yake alale kwa kitu alichochora mwenyewe. Sikumkasirikia. Hilo ndilo la ajabu, niliona hata ni upendo. Lakini niliogopa sana. Si kufa, kufa tunajua kuko. Niliogopa kufia hapa, kwa hii kijani, mahali ambapo mtu anayenijua ni mmoja na anajua salamu yangu tu. Nilikuona wewe na goti lako ukipanda huku kunichukua. Nilijiuliza nani atakueleza neno hilo kwa simu, na kama utalisikia mara ya kwanza.

Nikapanga nguo zangu kwa mfuko. Leso ya kanisa juu, ili isikunjamane. Nikasema nitangoja Nekesa aende kazini, nitoke polepole, nije nyumbani. Kama ni kufa nife nikisikia kelele zenu.

Asubuhi hiyo Bot Chebet ndiye alinikuta mlangoni na mfuko. Akatazama mfuko, akatazama viatu, akauliza naenda wapi. Nikasema nyumbani. Akasema mbona Nekesa hajui, jana walionana hakumwambia. Hapo machozi yakanitoka, nikamwambia yote kwa kile Kiswahili chetu kibovu, nikamwonyesha kwa mikono, futi, kiwiko, utosi, sanduku.

Huyo mama alishika nguzo ya mlango akacheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kumpiga na mfuko.

Akasema, "Hata mimi amenipima. Na wenzangu wote kule kwa majani. Basi tutakufa pamoja, tukodishe lori moja."

Ndipo akanieleza. Huko chini kuna kiwanda kidogo, cha kikundi cha wakulima, wanatengeneza ile chai ya kukunjwa kwa mikono. Bot Chebet anafanya kibarua hapo siku zingine. Majani yakikauka wanawake wanasimama kwa meza ndefu wanatoa vijiti kimoja kimoja. Kikundi kikaomba karakana iwatengenezee meza yenye mkanda unaotembea, ulete majani polepole mbele ya kila mtu. Kazi hiyo akapewa Nekesa, ya kwanza kusimamia peke yake. Na Nekesa, kwa haraka, alikadiria urefu kwa mwili wake mwenyewe. Wewe unamjua mtoto wako, ni Mnyala mzima, kichwa chake kinagusa kamba ya nguo. Alipeleka ile meza ya mbao ya kujaribia, wanawake wakasimama, meza ikawafika kifuani. Bot Chebet anasema yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Msichana wangu, hii ni ya twiga." Wote wakacheka. Nekesa akacheka pia, lakini alipogeuka alikuwa anauma mdomo. Mkubwa wake wa kazi akamwambia achore upya, na safari hii aende na watu waliosimama mbele yake, asichore kwa kichwa.

Nilikaa chini karibu na Bot Chebet, kwa ile saruji baridi, mfuko katikati yetu. Yeye alikuwa bado anajifuta macho. Mimi nilikuwa nimesikia jambo lingine kabisa. Nilisikia kwamba mtoto wangu amechekwa na watu, akarudi nyumbani, akakaa na mimi meza moja, na hakuniambia.

Jioni hiyo nilingoja aingie. Mfuko niliuacha mahali ulipo, makusudi. Akauona. Akauliza nani anasafiri.

Nikamwambia, "Mimi. Nilidhani umenichorea sanduku."

Alisimama hapo na viatu vya matope, hakuelewa, halafu akaelewa. Alishika mdomo. Akafungua ile kompyuta, akanionyesha: hili si sanduku mama, ni meza, bado haina miguu. Huyu ni wewe, ndiyo, kwa sababu wewe ni mfupi kuliko wote niliowapima, nikasema ikikutosha wewe hakuna atakayeumia, aliye mrefu nitamwinulia upande wake. Nikauliza, na kwa nini nimelala? Akasema hukulala, mimi niligeuza tu picha nione chini ya meza, ukageuka nayo. Akasukuma kidole, na kweli, yule mtu wa jivu akainuka polepole, akasimama kwa meza, kiwiko juu ya ukingo.

Karatasi za hospitali alizitoa pia, akanisomea neno kwa neno. Presha imepanda kidogo. Chumvi. Daktari alimwita ndani kwa sababu alidhani mimi sielewi Kiswahili chake cha haraka. Hivyo tu, mzee wangu. Usiniwazie.

Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia wamekucheka? Akasema, "Ulikuja kuniuguza mama. Sikutaka uanze tena." Halafu akalia, mkubwa vile, akiwa amekaa kwa ule mfuko wangu wa nguo, na leso ya kanisa ikakunjamana. Nikamwacha alie. Nilikuwa nimemkosa. Tulikuwa tumeishi nyumba moja, huyu anaficha kwa huyu, kama wapangaji.

Wiki iliyopita meza ilikamilika, wakaipeleka. Alinichukua twende. Niliogopa wale wanawake, lakini Bot Chebet alinishika mkono akawaambia kitu kwa Kikipsigis na wote wakanigeukia wakicheka, nikajua habari ya lori imeshafika kabla yangu. Nekesa alisimama kando, mikono mfukoni, kama siku ya matokeo ya mtihani. Mkubwa wake pia alikuwepo. Wakasema mimi nisimame kwanza. Nikasimama. Kuna chuma cha kuwekea mguu, mguu mmoja ukichoka unaweka wa pili. Mkanda ukaanza kutembea, taratibu, majani meusi yananukia, yanakuja mpaka mkononi mwangu kama yameitwa. Sikuinama. Sikunyoosha shingo. Nikatoa kijiti. Nikatoa kingine. Wanawake wakaja wakasimama kila upande, warefu na wafupi, bega kwa bega na mimi, na kwa muda kidogo nilikuwa mtu miongoni mwa watu. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Mkubwa wa Nekesa alipita akiangalia viwiko vyetu tu, si nyuso. Mwishoni akasema, "Sawa, hii wacheni hapa." Hayo ndiyo maneno yake yote. Lakini nilimwona mtoto wako akitoa mikono mfukoni.

Sasa ameniomba nikae mpaka mvua hizi zipungue. Ana kazi nyingine amepewa, na anasema nyumba ikiwa na mtu anachora vizuri. Siku hizi akila anafunga kompyuta, ananisimulia, mimi naelewa nusu. Na bado, Baba Nekesa, akitoka asubuhi nabaki na mvua. Sitakudanganya. Bot Chebet anaenda kwa majani, mlango unafungwa, na mimi nazungumza na sufuria. Nataka kurudi na nataka kubaki. Moyo hauna futi. Hilo ni juu yako kunishauri, niseme nini kwa mtoto.

Wasalimie tena Kukhu mama mkwe wangu, Wanyama mwenye zamu ya mlango wa choo, Nafula mkaza mwana wangu mwenye ndoto, na shemeji yangu mwenye jembe. Barua hii anakuletea fundi mmoja wa karakana, mtu wa huko kwetu, atakaa siku chache tu. Mpe chakula.

Na huyo huyo, usimwache aondoke mikono mitupu. Nekesa anataka kukutengenezea kiti cha chuma kwa ajili ya goti, cha kukaa bila kujikunja sana, na anasema hawezi kuchora kwa kukadiria, amejifunza. Mwambie Wanyama achukue kamba, akupime kutoka chini mpaka kwa goti, ukiwa umesimama, umevaa viatu. Umesikia? Umesimama. Usikubali mtu akulaze.

Halafu uongeze kamba ya pili. Hii si ya kiti, Nekesa hajaiomba, ni yangu mimi. Kutoka kisigino mpaka utosini. Najua utaogopa, mimi pia niliogopa. Fumba macho wakupime. Nitaifunga hapa kwa mlango, juu ya msumari, ining'inie mpaka sakafuni, nijue kichwa chako kinafika wapi ukiingia.

Nitumie haraka, kabla fundi hajaondoka.

Mimi mke wako,
Mama Nekesa